Dawa Zinazolenga Seli Shina za Saratani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Seli shina za saratani ni zipi hasa?

Ni seli chache ndani ya uvimbe zenye uwezo wa kufanya mambo mawili kwa pamoja: kujizalisha upya bila kuchoka, na kuzaa seli za aina zote zinazoonekana kwenye uvimbe huo. Seli nyingine nyingi za uvimbe hugawanyika mara kadhaa kisha hukoma. Hizi hazikomi. Ndiyo sababu uvimbe unaweza kunywea hadi usionekane kwenye picha ya CT, halafu ukarudi mwaka mmoja au mitatu baadaye.

Ushahidi wa kwanza ulio imara ulitoka Toronto, Kanada, mwaka 1994, katika maabara ya John Dick. Seli za wagonjwa wenye lukemia kali ya mieloidi (AML) zilipandikizwa kwenye panya wasio na kinga ya kutosha, na ikaonekana kwamba ni seli moja tu kati ya takriban 250,000 iliyoweza kuanzisha ugonjwa upya. Seli hizo zilikuwa na alama ya CD34 lakini hazikuwa na CD38 (alama hizi ni protini za juu ya seli zinazotumika kuzitambua). Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha jambo linalofanana kwenye saratani ya matiti: seli 100 tu zenye CD44 na zenye CD24 kidogo au zisizo nayo ziliotesha uvimbe, wakati makumi elfu ya seli nyingine kutoka uvimbe uleule hazikuotesha kitu.

Seli hizi si lazima ziwe zimetokana na seli shina za kawaida za mwili. Seli iliyokwisha komaa nayo inaweza kupata mabadiliko ya jeni yanayoirudishia uwezo huo.

Je, kila saratani inazo?

Hapana, au walau si kwa namna moja. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba kwenye melanoma, ukitumia panya asiye na kinga kabisa na ukachanganya seli na jeli ya Matrigel, takriban seli moja kati ya nne huotesha uvimbe bila kuchaguliwa kwa alama yoyote. Kwenye panya wa aina ya zamani seli zilezile zilionekana kuwa adimu mno. Yaani kipimo chenyewe kilikuwa kinazificha.

Hili lina uzito kwa mtengenezaji wa dawa. Kama robo ya seli zote zinaweza kuanzisha uvimbe, hakuna kikundi kidogo cha kulengwa, na fedha za mradi zitaishia hewani. Kabla ya kuchagua dawa, thibitisha kwamba saratani unayoishughulikia kweli ina ngazi, yaani seli shina chache juu na seli nyingine chini yake. AML inazo. Saratani ya utumbo mpana inazo, ingawa kwa masharti tutakayoyaona. Kwenye saratani ya ubongo aina ya glioblastoma ushahidi wa panya ni mzuri: mwaka 2012 ilionekana kwamba baada ya dawa ya temozolomide, uvimbe uliota tena kutoka kwenye kikundi kidogo cha seli zilizokuwa zimetulia.

Kwa nini tibakemikali na mionzi haviziui?

Kwanza, nyingi zimelala. Tibakemikali nyingi hushambulia seli iliyo katikati ya kugawanyika, na seli isiyogawanyika haina cha kuvurugwa. Pili, zina pampu kwenye utando wake, hasa ABCB1 na ABCG2, zinazotoa dawa nje kabla haijafika inakotakiwa. Tatu, kimeng'enya cha ALDH huharibu baadhi ya dawa, mfano mzuri ukiwa cyclophosphamide. Nne, hukarabati DNA iliyokatwa na mionzi kwa kasi. Na tano, hukaa mahali panapozilinda: kwenye uboho, au ndani ya uvimbe penye oksijeni kidogo, ambako mionzi hupoteza sehemu ya makali yake.

Kuzuia pampu peke yake kulijaribiwa kwa miaka mingi na hakukuzaa matunda, kwa sababu pampu hizohizo zinalinda ubongo na uboho wa mgonjwa. Ukizifunga, dozi ya kawaida ya tibakemikali inageuka kuwa sumu.

Mtengenezaji anachagua vipi mahali pa kushambulia?

Swali la kuanzia nalo ni hili: seli shina ya saratani inategemea nini ambacho seli shina ya kawaida inaweza kuishi bila hicho? Miradi mingi iliyoshindwa haikulijibu swali hili mapema. Njia za mawasiliano ya seli zilizopendwa sana, yaani Hedgehog, Notch na Wnt, ndizo zinazotunza utumbo, ngozi, nywele na mifupa ya mtu mzima. Madhara yake yalitabirika, na yalitokea.

Hedgehog ndiyo iliyofika mbali zaidi. Vismodegib iliidhinishwa Marekani Januari 2012 kwa saratani ya ngozi aina ya basal cell, ambako njia hiyo imeharibika kwenye jeni zenyewe. Wagonjwa hupata mikakamao ya misuli, hupoteza ladha ya chakula na hunyonyoka nywele. Wengi huacha dawa kwa ajili ya hayo. Mjamzito haruhusiwi hata kidogo, kwa kuwa njia hii ndiyo inayounda viungo vya mtoto. Usugu nao ulijitokeza: badiliko moja kwenye kipokezi cha SMO, liitwalo D473H, linatosha kuizuia dawa isishike. Dawa nyingine ya kundi hili, saridegib, ilipojaribiwa kwenye saratani ya kongosho pamoja na tibakemikali ya gemcitabine, jaribio lilisimamishwa mwaka 2012 baada ya vifo kuonekana vingi zaidi upande wa waliopewa dawa.

Kwenye Notch, vizuizi vya gamma-secretase huleta kuhara kukali, kwa sababu seli shina za utumbo zinageuka kwa wingi kuwa seli za kutoa ute. Njia iliyotumika kupunguza tatizo ni kutoa dawa siku 3 na kupumzisha siku 4 kila wiki. Nirogacestat, miligramu 150 mara mbili kwa siku, iliidhinishwa Novemba 2023, lakini kwa uvimbe wa desmoid, ambao hausambai mwilini.

Wnt ndiyo ngumu kuliko zote. Kingamwili ya vantictumab ilileta mivunjiko ya mifupa, kwa kuwa Wnt ndiyo inayoamrisha mfupa ujengwe. Waliopanga majaribio walilazimika kupunguza dozi, kupima alama za mmomonyoko wa mifupa kwenye damu na kuongeza dawa za kuimarisha mifupa. Dozi ikishapunguzwa kiasi hicho, swali linabaki kama uvimbe bado unaguswa.

Uchujaji wa kemikali ulileta nini?

Kazi iliyofungua njia ilichapishwa mwaka 2009 na timu ya Robert Weinberg na Eric Lander. Tatizo lilikuwa kwamba seli shina za saratani ni chache na hupotea haraka kwenye chupa ya maabara, kwa hiyo huwezi kuzitumia kujaribu kemikali kwa maelfu. Walichukua seli za titi zilizogeuzwa kuwa za saratani, wakanyamazisha jeni ya E-cadherin (protini inayoshikanisha seli), na seli nyingi zikachukua tabia za seli shina na kubaki nazo. Kisha wakajaribu kemikali karibu 16,000 kwenye seli hizo na kwenye pacha wake zisizobadilishwa. Salinomycin ilipunguza sehemu ya seli shina kwa zaidi ya mara 100 ikilinganishwa na tibakemikali ya paclitaxel, ambayo yenyewe iliongeza sehemu hiyo.

Mbinu ya pacha wawili ndiyo ya kuiga. Kemikali inayoua seli zote mbili sawasawa ni sumu ya kawaida tu. Kabla ya kuamini matokeo ya pleti yoyote (kisahani chenye visima vya seli), hesabu Z′, kipimo cha ubora wa jaribio: 1 toa mara tatu ya jumla ya mikengeuko sanifu ya vidhibiti chanya na hasi, iliyogawanywa kwa tofauti ya wastani wake. Ikiwa chini ya 0.5, pleti hiyo irudiwe. Visima vya pembeni hukauka kwanza. Vijaze maji ya chumvi na usiviweke kwenye hesabu.

Kipimo cha vitufe hufanywaje, na kwa nini maabara mbili hupata majibu tofauti?

Kanuni yake ni rahisi: seli ya kawaida ya tabaka la juu ikikosa mahali pa kushika hufa, ila seli shina huendelea na kutengeneza kitufe kinachoelea.

Kwa saratani ya matiti, tumia lishe ya seli ya DMEM/F12 bila seramu, kirutubisho cha B27 kwa uwiano wa 1 kwa 50, vichochezi vya ukuaji yaani EGF nanogramu 20 kwa mililita, bFGF nanogramu 20 kwa mililita, na heparini mikrogramu 4 kwa mililita. Heparini usiiache, kwani bFGF huharibika haraka bila hiyo kwenye nyuzi joto 37. Pleti ziwe za aina isiyoshika seli. Kama bajeti hairuhusu, paka mwenyewe: yeyusha gramu 1.2 za poly-HEMA kwenye mililita 100 za ethanoli ya asilimia 95 kwa nyuzi joto 65, mimina, kisha acha pleti zikauke kwenye oveni ya nyuzi joto 40 kwa siku 2 au 3. Pleti ambayo haijakauka vizuri itaua seli kwa mabaki ya ethanoli, nawe utadhani ni dawa.

Tenganisha seli hadi ziwe moja moja. Zipitishe mara 3 kwenye sindano ya geji 25, kisha kwenye chujio la mikromita 40, halafu ziangalie kwa darubini kabla ya kupanda. Ukiona zilizoshikana mbilimbili, rudia. Panda seli zisizozidi 500 kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye pleti ya visima 6 ni kama seli 4,800 kwa kisima. Acha siku 5 hadi 10 bila kuisogeza pleti. Hesabu vitufe vyenye kipenyo cha mikromita 50 au zaidi, gawanya kwa idadi ya seli ulizopanda, zidisha kwa 100.

Makosa ya kawaida yanatoka hapa. Seli zikipandwa nyingi, hukusanyika zenyewe na kuunda donge ambalo halikutokana na seli moja. Pleti inayotikiswa kila siku na mtu anayefungua inkubeta hufanya vivyo hivyo. Kitu kingine ni muda wa kutia dawa. Ukiitia siku ya kwanza na kuiacha hadi mwisho, umepima sumu kwa kila seli inayojaribu kugawanyika. Inayofaa zaidi ni kuzipa seli dawa kwa saa 72 zikiwa zimeshika chini, kuosha, kuhesabu zilizo hai, na kupanda idadi sawa ya seli hai kutoka kila kundi bila dawa yoyote. Kisha vunja vitufe vya kwanza uvipande tena. Kizazi cha pili ndicho kinachoonyesha kujizalisha upya. Kitufe cha kwanza kinaweza kutokana na seli yenye nguvu za muda tu. DMSO, kiyeyushi cha dawa, isizidi asilimia 0.1, na kundi la ulinganisho lipate kiasi kilekile.

Alama kama CD44, CD133 au ALDH hazitoshi?

Zinasaidia kutafuta, hazithibitishi. CD44 hupatikana kwenye seli nyingi za kawaida, zikiwemo za ngozi na za kinga. Kingamwili ya bivatuzumab iliyobebeshwa sumu, iliyolenga aina ya CD44 iitwayo v6, ilisababisha kifo cha mgonjwa kwa ngozi kubabuka, na utengenezaji wake ukaachwa. Kwenye seli za MDA-MB-231, ambazo maabara nyingi zinazo, karibu seli zote zina CD44 bila CD24; kuitumia alama hiyo pale ni kupoteza muda.

Kipimo cha ALDH kinahitaji kidhibiti cha DEAB, kemikali inayozuia ALDH, kwa kila sampuli peke yake. Mpaka wa "chanya" huwekwa kwa kutumia DEAB ya sampuli hiyohiyo. Ukiazima mpaka wa sampuli ya jana, asilimia zako hazina maana. Na baada ya kupaka rangi, seli zikae kwenye barafu, la sivyo pampu huitoa nje.

Lipo pia kosa la hesabu ambalo limepotosha makala nyingi. Chukua uvimbe wa seli bilioni 1 wenye seli shina asilimia 1, yaani milioni 10. Tibakemikali ikiua asilimia 90 ya zile nyingine, zinabaki milioni 99, na seli shina milioni 10 hazijaguswa. Sasa ni asilimia 9. Mtu atasema dawa "imeongeza seli shina mara tisa", wakati hakuna hata moja iliyoongezeka. Toa idadi kamili pamoja na asilimia kila mara.

Kipimo gani basi kinaaminika?

Kupandikiza kwa kupunguza idadi hatua kwa hatua. Unagawa seli hai zilizotibiwa na zisizotibiwa katika dozi, kwa mfano 10,000, 1,000, 100 na 10, kila dozi kwa panya 8 wasio na kinga wa aina ya NSG, zikichanganywa na Matrigel nusu kwa nusu. Unasubiri, kisha unahesabu wangapi wameota uvimbe na wangapi hawakuota. Dozi ambayo asilimia 37 ya panya hubaki bila uvimbe ndiyo inayobeba kwa wastani seli shina moja. Namba hiyo inatokana na mgawanyo wa Poisson. Ikiwa kundi la ulinganisho linafika hapo kwa seli 100 na lililopewa dawa kwa seli 2,000, dawa imepunguza seli shina mara 20. Programu ya ELDA, inayopatikana bure mtandaoni, inafanya hesabu hiyo pamoja na mipaka ya uhakika.

Mambo matatu huharibu kazi hii. Ukisubiri wiki 8 tu, utaita "hasi" panya ambaye angeota uvimbe mwezi wa tano; seli zilizolala zinachukua muda, kwa hiyo subiri miezi 6. La pili, uvimbe wa binadamu uliokuzwa ndani ya panya hujaa seli za panya, hivyo ziondoe kwa kingamwili za H-2K, alama ya seli za panya, kabla ya kuhesabu. La tatu, dozi zote zikiota au zote zisipoote, huna jibu, na panya wamekufa bure. Fanya jaribio dogo la panya wachache kwanza ili ujue dozi zianzie wapi.

Ghali? Ndiyo. Lakini dawa ambayo haijapita hapa haifai kupelekwa kwa binadamu kwa jina la dawa ya seli shina, na kampuni kadhaa ziliruka hatua hii.

Ukiziua zote, uvimbe utakufa?

Si lazima. Mwaka 2017 watafiti wa Genentech walitengeneza uvimbe wa utumbo mpana kwenye panya ambao seli zake zenye Lgr5, alama ya seli shina za utumbo, zingeweza kuuawa kwa kuamriwa. Walipoziua, uvimbe wa mwanzo haukunywea. Ulisimama pale ulipo. Walipoacha, seli zisizo na Lgr5 zilirudi nyuma zikawa na Lgr5, na ukuaji ukaendelea. Ila kwenye ini hali ilikuwa tofauti: bila seli za Lgr5, uvimbe uliosambaa haukuweza kuanza wala kudumu.

Yapo mafunzo mawili ya kivitendo. Dawa moja dhidi ya seli shina, ikitolewa kwa muda mfupi, itaacha mlango wazi kwa seli nyingine kushika nafasi. Na huenda mahali pake sahihi ni kuzuia kusambaa baada ya upasuaji, kuliko kushambulia uvimbe mkubwa ulioachwa mahali pake.

Mbona dawa nyingi zilianguka awamu ya tatu, yaani majaribio makubwa ya mwisho kwa binadamu?

Napabucasin ilitangazwa kwa nguvu kama kizuizi cha seli shina kupitia protini ya STAT3. Ilishindwa kuongeza maisha kwenye saratani ya tumbo mwaka 2017, ya kongosho mwaka 2019 na ya utumbo mpana mwaka 2021. Rova-T, kingamwili yenye sumu iliyolenga protini ya DLL3 kwenye saratani ya mapafu ya seli ndogo, ilifanya AbbVie inunue kampuni ya Stemcentrx mwaka 2016 kwa dola bilioni 5.8. Mwaka 2019 iliachwa. Ilileta maji kuzunguka mapafu na moyo, na wagonjwa hawakuishi zaidi. Magrolimab, inayozuia protini ya CD47 ili seli za kinga zile seli za lukemia, ilisimamishwa kwenye majaribio yake makubwa mwaka 2023 na 2024. CD47 iko pia kwenye seli nyekundu za damu, kwa hiyo upungufu wa damu ulikuwa tatizo tangu mwanzo, hata baada ya kuanza kwa dozi ndogo ya miligramu 1 kwa kilo.

Sababu zinafanana. Lengo lilichaguliwa kwa alama zaidi ya utegemezi. Wagonjwa hawakuchaguliwa kwa kipimo kinachoonyesha kwamba uvimbe wao una lengo hilo, au kipimo kilikuwepo na hakikutofautisha. Na matokeo ya awamu ya kwanza na ya pili, yasiyo na kundi la ulinganisho, yalisomwa kwa matumaini kupita kiasi.

Zipo zilizofaulu?

Zipo, na iliyo bora ni ya zamani. Lukemia ya promielositi (APL) husababishwa na muunganiko wa jeni uitwao PML-RARA. Asidi ya retinoiki (ATRA), iliyoripotiwa kutoka Shanghai mwaka 1988, huzilazimisha seli zikomae; aseniki huvunja protini hiyo yenyewe. Zikitumika pamoja, ATRA miligramu 45 kwa mita ya mraba kwa siku na aseniki miligramu 0.15 kwa kilo, seli zinazoanzisha ugonjwa hutoweka. Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa wa hatari ndogo na ya kati waliokuwa bila tukio baya baada ya miaka 2 walikuwa asilimia 97, dhidi ya 86 waliopata ATRA na tibakemikali. Anayeitoa awe macho na homa, kupumua kwa shida na uzito unaopanda ghafla: hiyo ni dalili ya seli kukomaa kwa kishindo, na deksamethasoni miligramu 10 kila saa 12 huanzishwa siku hiyohiyo bila kusubiri picha.

Venetoclax, inayozuia protini ya BCL-2, ni mfano wa utegemezi uliochunguzwa vizuri. Seli shina za AML hupata nishati karibu yote kwa kuchoma oksijeni kwenye mitokondria, na BCL-2 ni sehemu ya mfumo huo. Ikiunganishwa na tibakemikali ya azacitidine, wastani wa kuishi kwa wazee wasioweza tibakemikali kali ulifika miezi 14.7 dhidi ya 9.6 ya azacitidine peke yake. Dozi hupandishwa siku kwa siku, miligramu 100, 200, 400, ili seli zisife kwa mkupuo na kuziba figo. Dawa za fangasi kama posaconazole huipandisha mwilini, kwa hiyo dozi hupunguzwa sana, na mgonjwa asile balungi.

Glasdegib, ya njia ya Hedgehog, iliidhinishwa 2018 kwa AML pamoja na tibakemikali ya cytarabine ya dozi ndogo: wagonjwa waliishi miezi 8.8 dhidi ya 4.9 ya cytarabine peke yake. Jaribio kubwa lililofuata, pamoja na tibakemikali kali au azacitidine, halikuonyesha faida. Nayo DLL3 ilifufuka Mei 2024 kupitia tarlatamab, kingamwili inayoshika seli ya saratani upande mmoja na seli T upande wa pili. Uvimbe ulinywea kwa asilimia 40 ya wagonjwa. Lengo ni lilelile la Rova-T, silaha ndiyo tofauti. Hata hivyo tarlatamab huua seli yoyote yenye DLL3, kwa hiyo isitumiwe kama ushahidi wa nadharia ya seli shina.

Na imatinib je? Mbona wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi (CML) wanaoitumia wanaishi miaka mingi?

Imatinib huua seli zilizokwisha toka kwenye shina na kuacha shina lenyewe hai. Seli shina za CML hazitegemei BCR-ABL, protini inayosababisha ugonjwa na inayozuiwa na imatinib, ili kuishi. Kwenye utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2010, wagonjwa waliokaa angalau miaka 2 bila ugonjwa kuonekana kwenye kipimo cha PCR walisimamisha dawa. Takriban asilimia 40 hawakurudiwa; wengi wa waliorudiwa walirudiwa ndani ya miezi 6. Mgonjwa asiache vidonge kwa sababu anajisikia mzima. Kusimamisha kunataka PCR sahihi kila mwezi mwanzoni, na mahali ambapo kipimo hicho hakipatikani kwa wakati, ni salama kuendelea na dawa.

Jaribio la binadamu lipimwe kwa kigezo gani?

Kigezo cha kawaida ni uvimbe kunywea kwa asilimia 30 au zaidi. Rudi kwenye mfano wa seli bilioni 1: dawa kamilifu ikiua seli shina zote milioni 10, uvimbe umepungua kwa asilimia 1, na hakuna daktari wa picha atakayeliona hilo. Kwa hiyo dawa hizi huunganishwa na tibakemikali, au hutolewa baada ya upasuaji, na hupimwa kwa muda hadi ugonjwa urudi, kwa urefu wa maisha, au kwenye lukemia kwa masalia ya ugonjwa hadi seli 1 kati ya 10,000. Panga pia kupata vipande vya uvimbe kabla na baada. Nafasi nzuri ni wiki 2 au 3 kati ya utambuzi na upasuaji, maana kipande cha pili kinapatikana mezani bila kumchoma mgonjwa tena.

Nimesoma kwamba metformin, manjano au dawa ya kuku inaua seli shina za saratani. Nitumie?

Usitumie kwa sababu hiyo. Metformin ilionyesha matumaini maabara, ikajaribiwa kwa wagonjwa 3,649 wa saratani ya matiti, miligramu 850 mara mbili kwa siku kwa miaka 5. Matokeo ya mwaka 2022: haikuzuia ugonjwa kurudi kwa waliolengwa kwenye jaribio. Mwenye kisukari aendelee nayo kwa kisukari chake.

Kurkumini ya manjano hufyonzwa kidogo mno, na maabara hudanganya kwa urahisi kwa sababu inang'aa yenyewe chini ya taa za vipimo. Manjano kwenye mchuzi hayana ubaya.

Salinomycin ndiyo ya kuogopa. Ndiyo hiyo dawa ya kuku: inauzwa kwa wafugaji kuzuia vimelea vya koksidia kwenye kuku wa nyama, kwa hiyo ni rahisi kuipata. Huua farasi kwa kiasi kidogo. Kwa binadamu, kisa kilichoandikwa New Zealand ni cha mtu aliyeingiwa na takriban miligramu 1 kwa kilo kwa bahati mbaya; misuli yake ilivunjika na akaugua kwa muda mrefu. Ukiona mtu mtandaoni anatoa dozi ya binadamu ya dawa hii, usimfuate.

Kliniki zinazochoma sindano za "seli shina" kutibu saratani ni kitu kimoja na hiki?

Hapana. Hapa tunazungumzia kuua seli shina za uvimbe. Upandikizaji wa uboho ni tiba halali kwa saratani kadhaa za damu na hufanywa hospitalini. Sindano ya seli shina kwa uvimbe wa titi, tumbo au tezi dume haina ushahidi.

Maabara yetu haina mashine ya kutenganisha seli. Tuanzie wapi?

Vitufe vya kizazi cha pili kwenye pleti mlizopaka wenyewe, pamoja na kipimo cha kupunguza idadi kwenye visima 96 (seli 1, 5, 20 na 100, visima 24 kwa kila idadi), vinatoa takwimu zinazokubalika bila mashine hiyo. Kwa kutenganisha, safu za sumaku zenye kingamwili za CD44 au CD133 zinafaa; pitisha mara mbili, kwani mara moja huacha uchafu mwingi. Pimeni mikoplasma (bakteria wadogo sana) kwa PCR kila mwezi, kwani hubadilisha ukuaji bila kuonekana kwa darubini.

Chagueni seli kwa makini. MCF-7 na MDA-MB-231 zilitoka kwa wanawake weupe. MDA-MB-468 na HCC1806 zilitoka kwa wanawake weusi wa Marekani wenye saratani ya matiti isiyo na vipokezi vitatu (vya estrojeni, projesteroni na HER2), aina inayosumbua sana wanawake wa Afrika Mashariki. Bado hazitoshi kuwawakilisha, na hapo ndipo sampuli za hospitali za kwetu zina thamani ambayo maabara za ng'ambo hazina.

Kwa sampuli mbichi, pata kwanza kibali cha maadili na ridhaa ya mgonjwa. Kipande kitoke chumba cha upasuaji kikiwa kwenye mchanganyiko baridi wa lishe ya seli wenye antibiotiki, ndani ya boksi la barafu, kisiguse formalini wala kugandishwa. Kifike maabara saa chache baadaye, si kesho yake. Kwenye lebo andikeni saa mshipa wa damu ulipofungwa. Seli huanza kufa kuanzia dakika hiyo, na saa ya kupokelewa maabara haiwezi kuichukua nafasi yake.